Kung'atuka: Kazi, safari na mapumziko ya Mwalimu Nyerere



Kila mfanyakazi anaikumbuka siku aliyoingia kazini. Anakumbuka nguo aliyovaa, jina la mkubwa aliyempokea, na jinsi mama yake alivyofurahi alipoletewa mshahara wa kwanza. Lakini siku ya kutoka kazini wengi hawapendi kuitaja. Huiogopa kama mtu anavyoogopa giza la usiku njiani, ingawa anajua vema kwamba jua halikosi kutua.

Nasi tunaishi kati ya watu wa namna hiyo. Katika miji yetu kuna makarani, mafundi wa reli, watu wa migodi, wauguzi na walimu ambao miaka thelathini walijulikana kwa kazi yao. Jina la kazi likageuka kuwa jina lao. Siku moja wanatoa ufunguo wa ofisi, wanapewa barua na mikono ya kuagana, nao wanarudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Baada ya miezi michache jirani huuliza: «Mzee yule, mbona amekonda?» Kisa si chakula peke yake. Mara nyingi mwili unakonda kwa sababu moyo haujui tena uamke asubuhi kwa ajili ya nini.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kulitazama leo. Na kwa kuwa mfano hufundisha kuliko maonyo, tutauchukua mfano wa mtu mmoja aliyejulikana na wote, mwalimu kama wengi wetu, aliyepanda hata juu kabisa, kisha akashuka kwa miguu yake mwenyewe: Julius Kambarage Nyerere wa Tanzania. Tutamwuliza maneno matatu: kazi yake aliishikaje? Safari zake zilimpa nini? Na mikono yake ilipokuwa haina kazi, ilifanya nini?

Kazi: kushika na kuachilia

Nyerere alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Victoria, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, kabila dogo lisilojulikana sana. Mtoto huyo alichunga mbuzi kama watoto wengine, wala hakuingia shule mpaka mwaka 1934, alipokuwa na miaka 12. Walio shuleni leo wakisoma habari hii, na wanaosikitika kwamba walichelewa kuanza, na watie moyo: mlango uliochelewa kufunguliwa si mlango uliofungwa.

Kutoka shule ya Mwisenge pale Musoma alikwenda Tabora, na kutoka Tabora alikwenda Makerere, katika Uganda, kujifunza ualimu. Mwaka 1943, siku mbili kabla ya Noeli, alibatizwa na kupewa jina la Julius. Tangu mwaka 1946 alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria ya mapadri pale Tabora. Na baada ya masomo ya Ulaya alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Hapo ndipo jina la Mwalimu lilipoota mizizi. Wakubwa wengine wa dunia walipenda kuitwa kwa majina marefu ya fahari; yeye hata alipokuwa Rais aliitwa Mwalimu, na mpaka leo Mtanzania akisema «Mwalimu» bila kuongeza neno, kila mtu anajua ni nani anayetajwa.

Tuangalie sasa jinsi alivyojua kuachilia. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1955. Chama cha TANU kilikuwa kimeanzishwa tarehe 7 Julai 1954, naye alikuwa kiongozi wake. Ikambidi achague: ama kufundisha, ama siasa. Akaacha kufundisha, na pamoja nako akaacha mshahara. Alikuwa na mke na watoto wadogo. Alirudi kwao kwa muda, na katika siku zile akawa akimfundisha padri mmoja wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Mkewe, Mama Maria, aliyefunga naye ndoa pale Musoma mwezi wa Januari 1953, alishika duka dogo mjini Dar es Salaam ili nyumba ipate chakula. Akina mama wanaotusoma watalielewa jambo hili bila maelezo mengi. Nyuma ya mtu anayeacha mshahara kwa ajili ya neno kubwa, kuna mara nyingi mtu mwingine anayepima mafuta ya taa na sabuni mpaka usiku.

Mara ya pili ilikuwa ya kushangaza zaidi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye akiwa Waziri Mkuu. Hazikupita wiki saba, na tarehe 22 Januari 1962 akajiuzulu. Kiti akamwachia Rashidi Kawawa, naye akaenda vijijini kuimarisha chama na kusema na watu. Alirudi mwezi wa Desemba mwaka huohuo akiwa Rais wa Jamhuri.

Mara ya tatu ndiyo inayotuhusu hasa. Tarehe 5 Novemba 1985, akiwa na miaka 63, alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi urais. Hakufukuzwa na askari, wala hakushindwa katika uchaguzi, wala hakuwa hoi kitandani. Katika Afrika ya siku zile mambo kama hayo yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Senghor wa Senegali alikuwa ametangulia mwisho wa mwaka 1980. Basi Nyerere hakuona neno la Kiswahili lililotosha kwa tendo hilo. Akachukua neno la Kizanaki, la kwao, akalipa taifa zima: kung'atuka. Maana yake ni kuondoka mahali pa madaraka kwa hiari, ili wengine wakae. Leo neno hilo limo katika kamusi. Tuwaulize wanafunzi wetu: ni watu wangapi wanaoacha kazi na kuiachia lugha neno jipya?

Hatutaki kumpamba kuliko ilivyokuwa. Mwaka ule wa 1985 nchi yake ilikuwa na shida nyingi. Sukari, sabuni na petroli vilikuwa vigumu kupatikana. Vita ya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin ilikuwa imekula fedha nyingi. Vijiji vya ujamaa, ambako watu wengi walihamishwa, wengine kwa nguvu, havikuzaa mavuno yaliyotazamiwa. Tena, hata alipoacha urais, aliendelea kuwa mwenyekiti wa chama mpaka mwaka 1990. Kwa hiyo mkono mmoja uliachia kabla ya mwingine. Lakini upande wa pili wa mizani una uzito wake pia: watoto wengi waliingia shule, watu wazima wengi walijifunza kusoma na kuandika, na makabila zaidi ya mia yalizoea kusemezana kwa lugha moja na kuishi bila kuchinjana. Yeye mwenyewe alipotazama nyuma hakudai kwamba yote yalikwenda sawa. Na hili ni somo la kwanza kwa mtu anayekaribia kupumzika: anayetazama nyuma na kuona mema tu, hajatazama, na anayeona mabaya tu, naye hajatazama.

Safari: mwenda tezi na omo

Wazee wa pwani husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni chini kabisa, mahali maji yanapojikusanya. Mtu atembee mbele, atembee nyuma, mwisho atarudi palepale.

Safari ya kwanza ya Kambarage ilikuwa ya kilometa arobaini hivi, kutoka Butiama hata Musoma, kwenda shule. Kwa mtoto wa miaka 12 asiyejua kusoma, hiyo ilikuwa ndefu kuliko nyingi alizofanya baadaye kwa ndege. Mwaka 1949 alivuka bahari kwenda Edinburgh, katika Uskoti, akarudi mwaka 1952 na digrii yake. Alipokuwa Pugu, mara nyingine alikata kwa miguu mwendo wa kilometa zaidi ya ishirini mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya mikutano, kisha akarudi kufundisha. Mwezi wa Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akaeleza haja ya watu wake. Mwalimu wa shule ya misioni, mwenye miaka 32, akisema mbele ya mataifa!

Baada ya kung'atuka safari hazikukoma, lakini zilibadilika tabia. Tangu mwaka 1987 aliongoza Tume ya Nchi za Kusini, iliyochunguza jinsi nchi maskini zinavyoweza kusaidiana. Ofisi yake ilikuwa Geneva, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1990. Tangu mwaka 1996 alishika kazi nzito iliyo karibu sana na sisi wa Kongo: kuwapatanisha Warundi. Aliwakutanisha kwanza Mwanza, kisha, tangu mwezi wa Juni 1998, mjini Arusha. Sisi tunaokaa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika tunajua vita ya jirani ni nini: wakimbizi huvuka kwa mitumbwi, na soko hupungukiwa samaki na amani. Mzee wa miaka zaidi ya sabini, aliyekuwa na haki ya kuketi kivulini, alikubali kusikiliza siku nzima watu waliochukiana.

Tena hakuyaona matunda. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, mbele ya Nelson Mandela aliyemfuata katika kazi hiyo. Nyerere alikuwa amefariki London tarehe 14 Oktoba 1999, kwa ugonjwa wa kansa ya damu, akiwa na miaka 77. Mwili wake ulirudishwa nyumbani, ukazikwa Butiama tarehe 23 Oktoba. Mtoto aliyetoka kijiji kile kwa safari ya kilometa arobaini alirudi katika udongo uleule. Marejeo ni ngamani.

Wako wazee wetu waliosafiri pia: kwa gari la moshi kutoka Lubumbashi hata Ilebo, kwa meli kutoka Kalemie hata Kigoma, kwa mtumbwi na kwa baiskeli. Wengi hudhani safari hizo hazina maana kwa sababu hazikufika Ulaya. Si kweli. Safari ina faida pale inaporudi na neno la kuwapa waliobaki. Mzee aliyejua vituo vyote vya reli, na ambaye hajawahi kuwasimulia wajukuu hata kimoja, ameacha mizigo yake kituoni.

Mapumziko: mikono isiyo na kazi

Sasa tufike kwenye neno la tatu, ambalo wengi hulidharau. Mtu anapenda kufanya nini bila kulipwa na bila kuamriwa?

Mwalimu alipenda vitabu, alipenda shamba, na alipenda bao. Bao wengi wetu tunalijua. Wanyarwanda wana ndugu yake aitwaye igisoro. Ni ubao wenye safu nne, kila safu mashimo manane, na kete zake ni sitini na nne. Asiyelijua huona wazee wawili wanahamisha mbegu. Anayelijua huona hesabu, uvumilivu na werevu. Kule Butiama Rais mstaafu aliketi na wazee wa kijiji wakacheza. Katika bao hakuna itifaki: kete hazimwogopi mkubwa, na mkulima anaweza kumshinda aliyewahi kuamuru majeshi. Tunadhani hiyo ni dawa nzuri kwa kila mtu aliyezoea kupigiwa saluti.

Lakini pendo lake kubwa lilikuwa lugha. Mwaka 1963, akiwa amekaa katika urais kwa mwaka mmoja tu, alitoa tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Mwaka 1969 aliitengeneza upya kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Watu waliuliza: Rais wa nchi changa hupata wapi wakati? Jibu ni kwamba kazi ile haikuwa mzigo juu ya mzigo. Ilikuwa kama maji anayokunywa mpandaji mlima. Tena ilikuwa na shabaha: kuonyesha kwamba Kiswahili, lugha iliyodharauliwa na wengine kama lugha ya soko na ya watumishi, kinaweza kubeba mawazo mazito bila kuvunjika mgongo.

Mapenzi hayo yalimngoja mpaka uzeeni. Mwaka 1996 Wabenedikti wa Ndanda na Peramiho walichapisha tenzi zake: Enjili zote nne na Matendo ya Mitume, zimegeuzwa kuwa mashairi. Wanafunzi wajue utenzi ni nini. Ubeti una mistari minne. Kila mstari una silabi nane. Mistari mitatu ya kwanza huishia kwa sauti moja. Wa nne huchukua sauti nyingine, na sauti hiyo hurudi mwisho wa kila ubeti tangu mwanzo hata mwisho. Jaribuni kutunga beti tatu tu, mtaona jasho. Sasa wazeni mtu anayezipanga Enjili nne kwa namna hiyo. Hiyo si kazi ya wiki moja. Ni kazi ya mtu aliyeamka asubuhi nyingi akiwa na hamu ya jambo fulani. Alizoea pia kuhudhuria Misa kila siku alipoweza, na mwaka 2005 jimbo la Musoma lilianza kuchunguza maisha yake kwa ajili ya kumwombea cheo cha mwenye heri.

Tuangalie mpangilio wa miaka, maana ndimo lilimo fundisho. Pendo la lugha halikupandwa mwaka 1985. Lilipandwa alipokuwa na nguvu na kazi tele, likatunzwa, na uzee ulipofika lilikuwa limekwisha kuwa mti wenye kivuli. Mtu anayengoja barua ya kustaafu ndipo aanze kutafuta anachopenda, hufanana na mkulima anayenunua jembe siku ya mavuno.

Na sisi je?

Mtu atatujibu: «Mwalimu, hayo ni maneno ya wakubwa. Nyerere alikuwa Rais, taifa lilimtunza. Mimi nitapewa barua, nyumba ya kampani nitaihama, na pensheni itakawia.» Hatumbishii. Njaa haiponywi kwa utenzi, na nyumba haijengwi kwa kete za bao. Mwajiri na serikali wana deni kwa mtu aliyewapa nguvu za ujana wake, na deni la haki halilipwi kwa sifa za kuagana. Hata watoto wana deni. Amri ya nne haina kikomo cha miaka. Kwa hiyo kila mfanyakazi ana wajibu wa kuhifadhi barua zake zote za kazi, kuhakikisha mapema kwamba jina lake na miaka yake vimeandikwa sawasawa, kumshirikisha mkewe katika hesabu za nyumba, na kutafuta kiwanja au shamba angali na mshahara. Akiba haiozi.

Lakini tumeona pia wenye pensheni nzuri waliokauka kwa huzuni, na wenye shamba dogo la mihogo ambao barza yao haikosi watu. Tofauti yao si fedha tu. Wa kwanza walidhani kiti ndicho mtu; kilipoondolewa, hawakubakiwa na kitu cha kukalia. Wa pili walijua tangu zamani kwamba cheo ni dhamana, yaani kitu cha kuazimwa, nacho hurudishwa kwa mwenyewe kikiwa safi.

Kwa hiyo tunawapa wasomaji wetu mashauri machache. Mwenye miaka thelathini, kama sisi tunaoandika, achague sasa jambo moja la kupenda nje ya kazi yake: kinanda cha kanisani, ufugaji wa nyuki, useremala, kitabu, bustani. Mwenye miaka hamsini aanze kumfundisha kijana siri za kazi yake bila kuogopa kwamba atanyang'anywa mahali. Kwa kuwa atapaacha tu, na heri kumwachia aliyemlea mwenyewe. Mwenye miaka sitini akubali kutazama nyuma bila kujipamba wala kujihukumu bila huruma, na pale alipomkosea mtu wa kazini, aende kupatana naye wakati miguu ingali inampeleka.

Nanyi wanafunzi, mna kazi yenu. Jumapili hii, baada ya Misa, chukueni daftari na kalamu, mkae karibu na babu au nyanya, mwulizeni maneno matatu tuliyomwuliza Mwalimu: kazi uliishikaje? Ulisafiri wapi? Ulipenda kufanya nini? Andikeni majibu kwa herufi nzuri, pamoja na miaka na majina ya mahali. Msimharakishe. Akinyamaza, ngojeni, mara nyingi mzee hunyamaza kwa sababu hajaulizwa kwa muda mrefu.